Kimya cha Nyumba Arobaini na Moja

1

Faili lilikataa kufunguka kwa mara ya kumi na moja, na Siwatu Kombo akalitukana kimoyomoyo tusi ambalo mama yake hakumfundisha.

Ilikuwa saa tisa na dakika tano alasiri. Nje ya kioo cha Chumba cha Milango bahari ilikuwa imeshagusa mstari mwekundu uliopakwa kwenye zege, na ilikuwa bado inapanda. Bamvua, maji makuu ya mwezi huo, lilikuwa kubwa kuliko yote tangu mji wa Pwajuu ujizungushie ukuta. Kilele chake kilitarajiwa saa kumi na dakika kumi. Saa hiyo ikifika maji hayajapewa pa kwenda, yangejitafutia yenyewe, na maji yakijitafutia njia hayachagui mtaa.

"Bado?" aliuliza Injinia Faki Mbarouk, mkuu wa zamu.

"Bado."

"Umetazama waya?"

Swali la waya huulizwa na kila mtu asiyejua la kuuliza. Waya alikuwa ameutazama kwanza kabisa, na ulikuwa mzima.

Faki alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kutafuna iliki kazini. Leo iliki ilikuwa imeshakwisha na sasa alitafuna ganda. Mbele yake kulikuwa na ramani ya milango kumi na miwili ya ukuta. Miwili tu ndiyo iliyoweza kupokea maji mengi kiasi kile. Mlango wa Tatu ulishusha maji Bondeni, mtaa wa nyumba mia nne hamsini na tatu, ambao watu wake waliambiwa wahame tangu alfajiri. Mlango wa Saba ulishusha maji Kipangani, kwenye mtambo uliogeuza maji ya chumvi kuwa ya kunywa. Watu elfu themanini walikunywa kutoka hapo, na visima vya mji vilikwisha kuingiwa chumvi zamani.

Kwa hiyo ulikuwa ufunguliwe wa Tatu. Nyumba zikilowa hukauka, au hujengwa upya. Lakini sheria ilisema Mlango wa Tatu haufunguki mpaka Ukuta usome wenyewe idadi ya watu waliobaki Bondeni na kukuta hakuna. Na idadi hiyo ilikuwa ndani ya Baraza, na Ukuta na Baraza havikuwa vikielewana.

Ukuta lilikuwa jina la zege na la mfumo ulioliendesha. Uliletwa kwa meli, na waliouunda walifikiri kwa vyeo: mwenye cheo cha tano husoma kila kilicho cha cheo cha tano na chini yake. Kilichosomwa hunakiliwa, na nakala haifutiki, kwa sababu waliouunda waliamini kwamba kifutio ni mlango wa rushwa.

Baraza lilikuwa mfumo wa majumbani. Liliandikwa hapa hapa Pwajuu na mafundi saba miaka kumi na mitatu iliyopita, watu walipochoshwa na mifumo ya kununua iliyojua mpaka kilichomo chunguni na kwenda kumwambia muuza duka. Siwatu, ambaye sasa alifanya kazi Ukutani kama fundi wa Baraza, alikuwa mdogo wa wale saba, na sehemu aliyoiandika ndiyo iliyowafanya kina mama waliamini Baraza. Aliandika hodi. Kila nyumba ilikuwa na faili lake, na mtu au mashine ikitaka kulisoma sharti ipige hodi. Mwenyewe akijibu, unaingia mpaka pale alipokukaribisha. Hodi zikitimia tatu bila jibu, unarudi ulikotoka, wala huji tena mpaka kesho. Hayo watu wa pwani walifundishana tangu enzi; Siwatu aliyafundisha mashine tu.

"Saa zenu zimetangulia," alisema ghafla.

"Saa zipi?"

"Za Ukuta. Dakika nne mbele ya zetu. Baraza likimwona mgeni anasema amefika wakati ambao haujafika, linamdhania mwongo."

Akazirudisha nyuma. Faili likakataa mara ya kumi na mbili, lakini safari hii kwa maneno mengine, na kwa fundi kukataliwa kwa maneno mapya ni nusu ya kukubaliwa. Akaona kuwa Ukuta ulikuwa unazungumza lugha ya zamani ambayo Baraza liliiacha miaka miwili nyuma. Akaubadilishia lugha. Ukapita geti la mji, ukafika milangoni mwa nyumba, ukaingia bila kubisha, na nyumba zote mia nne hamsini na tatu zikaufungia kwa pamoja.

"Sasa n'najua," alisema Siwatu, na kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri akacheka. "Jamaa yenu hana adabu."

Akaandika mkalimani, programu ndogo ya kukaa katikati. Ukuta utamuuliza mkalimani, mkalimani atapiga hodi tatu kwa jina la Ukuta, atapokea jibu la nyumba, atalirudisha. Ilimchukua dakika kumi na mbili. Saa tisa na dakika ishirini na tatu alibonyeza, na kwenye kioo kikubwa maandishi yakageuka kijani.

BONDENI. NYUMBA 453. WATU 0. MLANGO WA TATU UTAFUNGULIWA SAA 10:10.

"Alhamdulillahi!" Faki alipiga meza kwa kiganja. "Mashallah, fundi! Mashallah!"

2

Furaha ya fundi haina umri mrefu. Siwatu alinyoosha mgongo, akafungua daftari la mkalimani ili alifunge vizuri, na humo akakuta hesabu ambayo kioo kikubwa hakikuionyesha. Nyumba zilizopigiwa hodi, mia nne hamsini na tatu. Zilizojibu "tumeondoka", mia nne na kumi na mbili.

Alitoa hesabu ile kichwani mara mbili.

"Arobaini na moja," alisema.

"Arobaini na moja nini?"

"Hazikujibu. Zimepigiwa hodi tatu, zimenyamaza. Na Ukuta umeziandika sifuri."

"Basi hamna watu."

"Sivyo, Injinia. Aliyeondoka, nyumba yake inasema ameondoka. Hizi hazikusema kitu. Mkalimani wangu karudisha utupu, na kwetu miye na weye utupu huo maana yake ni 'usiniingilie'. Ukuta haujui hilo. Ukipewa utupu unaugeuza sifuri ili upate kujumlisha."

Faki aliacha kutafuna. Siwatu alikuwa amekwisha kuona lililobaki. Robo saa iliyopita Ukuta ulikuwa hausomi kitu, na kwa kuwa hausomi ulikuwa haufungui. Ile hitilafu ndiyo iliyokuwa ikizilinda nyumba zile, naye kaitengeneza kwa mikono yake.

"King'ora kimelia mara tatu tangu alfajiri," alisema Faki. "Askari wamepita na vipaza sauti. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, mtoto mdogo anajua. Nani atabaki?"

"Asiyeweza kwenda kambini. Kambini kila mtu anatoa uso wake usomwe na Ukuta. Mwenye kujificha ataupeleka wapi uso wake?"

"Anayejificha ana sababu yake."

"Ana sababu. Lakini hukumu yake si kuzama."

Faki aliitazama saa. Saa tisa na dakika ishirini na saba. "Nikikwambia ukate mawasiliano?"

"Nakata sasa hivi."

"Ukikata, Ukuta utakuwa hausomi, na dharura ikishafika ukingoni sheria inanirudishia miye uamuzi." Alisema taratibu, bila hasira, na hilo lilimtisha Siwatu zaidi kuliko angefoka. "Nami nitafungua wa Tatu. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa. Kuna watoto elfu themanini... kuna watu elfu themanini wanakunywa Kipangani, na watoto wao. Hospitali inakunywa Kipangani. Siwezi kuuzamisha mtambo kwa ajili ya kimya."

"Nikikuthibitishia kwamba kimya kina watu?"

"Nithibitishie."

Siwatu alifungua orodha ya nyumba arobaini na moja. Alitaka achague moja, yoyote, ya kujaribia, kama fundi yeyote afanyavyo. Macho yake yakasimama kwenye namba 217.

Ilikuwa nyumba ya mama yake.

Bi Mkasi alikuwa ndani ya eda. Mzee Kombo alizikwa miezi miwili nyuma, na tangu siku hiyo mjane wake alifunga hodi za wageni, akabaki na Kurani yake na redio. Asubuhi Siwatu alimpelekea salamu kuwa aondoke na majirani, kwamba mwenye eda anaruhusiwa kutoka kwenye hatari, hata shekhe kasema. Aliamini ameshakwenda. Mama yake hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga nyumba. Kama 217 haikusema "tumeondoka", basi Bi Mkasi alikuwa amekaa mkekani mwake wakati ule ule, na dakika arobaini na tatu zilibaki.

"Nina ufunguo," alisema Siwatu.

Mafundi saba waliuacha ufunguo mmoja unaoingia nyumba yoyote bila hodi, kwa ajili ya mtu aliyefia ndani. Waliapa mbele ya kina mama wa mji, kwenye uwanja wa skuli, kwamba hautatumika kwa jambo jingine. Kwa miaka kumi na mitatu haukutumika hata mara moja. Siwatu angependa kuingia kwa jina lake, lakini kila kilichotoka chumba kile kilitoka kwa jina la Ukuta. Njia nyingine haikuwepo, na kutoka nje kutafuta mtandao wa mji kungekula dakika ishirini. Kama ni kuvunja nyumba, alijiambia, nianze na yetu. Humo hamna siri, mna kizee na redio yake.

Akabonyeza.

NYUMBA 217. WATU 2.

Alidhani amesoma vibaya. Majina yalitokea chini yake, moja baada ya jingine, makubwa, kwenye kioo ambacho Faki alikuwa akikitazama pia.

MKASI JUMA VUAI, MIAKA 66.

SHAAME KOMBO SHAAME, MIAKA 31. YUMO TANGU MIEZI 22.

3

Faki ndiye aliyegeuka kwanza, akamtazama Siwatu usoni, kisha akatazama chini.

Shaame alikuwa mdogo wake Siwatu, na hakuna mfanyakazi wa Ukuta asiyelijua jina lake. Miaka miwili nyuma, siku ya bamvua, aliuchomekea Mlango wa Tatu nondo, akipiga kelele kwamba Bondeni kuna watu ambao Ukuta hauwaoni. Walipotafutwa hawakuonekana. Mlango ulichomoka kwenye reli zake ukamkata askari mmoja mkono. Shaame alitoroka, ikasemwa yuko Ngazija, na hati ya kukamatwa kwake ilikuwa ingali ikining'inia katika kila ofisi. Alipokosa kuja kumzika baba yao, Siwatu aliapa kutolitaja tena jina lake.

Kumbe alikuwa ndani. Jeneza la baba yake lilipotolewa alikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha uani, analisikia. Na kila Ijumaa Siwatu alipokwenda kula kwa mama yake, akamiminiwa chai, akalalamika juu ya mwana mpotevu, mwana mwenyewe alikuwa hatua tatu kutoka sahani yake. Mama hakumwambia. Alimwona binti yake na kitambulisho cha Ukuta shingoni, akanyamaza.

Alitamani kulia na alitamani kupiga kitu. Hakuwa na wakati wa lolote kati ya hayo.

"Umenithibitishia," alisema Faki hatimaye. Alikuwa amevua kofia yake na anaikunja mikononi. "Wallahi sikutaka kuthibitishiwa hivi. Lakini sasa tunajua. Fungua zilizobaki."

"Zote?"

"Zote arobaini. Pengine thelathini ni tupu, watu wamesahau tu kuziambia nyumba zao. Pengine tutakuta watu saba. Saba nawafuata kwa boti sasa hivi, tunawahi. Mtambo unapona, watu wanapona. Niambie nimekosea wapi."

Hakukosea, na Siwatu alijua. Saa ilikuwa tisa na dakika thelathini na sita. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kwa ufunguo ule ingemchukua nusu dakika kujua kila aliyelala wapi, na nani, tangu lini.

Akajaribu kuwafikiria waliomo kwenye nyumba arobaini, akagundua kwamba hawezi, na kwamba ndiyo maana hodi iliandikwa. Pengine mke aliyemkimbia mume mpiga ngumi. Pengine msichana aliyepata mimba na nyumba ikamsitiri mpaka ajifungue. Pengine mgonjwa wa kitu kisichotajwa. Pengine kweli hamna mtu. Chochote kilichomo, Ukuta ungekinakili, na kisingefutika mpaka zege lenyewe lianguke. Boti la kuokoa lingekuja na askari ndani yake. Na ufunguo ukishatumika mara arobaini na moja kwa jina la Ukuta, Ukuta ungekuwa umeujifunza. Kesho usingehitaji bamvua wala Siwatu.

Upande wa pili kulikuwa na elfu themanini wenye kiu. Hao aliweza kuwafikiria vizuri. Alimfikiria mama mwenye mapacha wa jirani yake, akipanga foleni na ndoo.

Aliondoa kidole.

"Kuna njia nyingine," alisema. "Nabadilisha mstari mmoja kwenye mkalimani. Nyumba isiyojibu ihesabiwe ina mtu. Mmoja tu, kila nyumba. Ukuta utasoma watu arobaini na wawili Bondeni, na utahamia Mlango wa Saba wenyewe. Mafundi wa mtambo wameshapandishwa juu tangu mchana, hafi mtu."

"Hafi leo. Mtambo ule kuutengeneza ni miezi minne!"

"Mitano."

"Na pengine Bondeni hamna mtu zaidi ya mama'ko na nduguyo! Utautia mji mzima kiu kwa watu wawili ambao naweza kwenda kuwabeba mgongoni?"

"Pengine."

"Halafu tusijue? Hata baadaye tusijue walikuwamo wangapi?"

"Hata baadaye," alisema Siwatu. "Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Miye niliwaambia watu wa mji huu kwamba wakinyamaza wataachwa. Wengine wamepanga maisha yao juu ya neno langu, Bwana Faki. Sikuwaambia wataachwa mpaka siku tutakapotaka kuwajua."

Sakafu ilitetemeka. Bahari ilikuwa imeanza kuupiga ukuta kwa uzito wake wote, na kwenye ramani taa ya Mlango wa Tano iligeuka kutoka njano kuwa nyekundu. Siwatu aliandika mstari wake. Haukuwa mrefu. Kioo kikafikiri kidogo, kisha kikaandika: BONDENI. WATU 42. MLANGO WA SABA UNAPENDEKEZWA. THIBITISHA.

Kuthibitisha kulihitaji kidole cha mkuu wa zamu. Mkalimani alikuwa wa Siwatu, lakini kidole kilikuwa cha Faki, pamoja na jina lake, kazi yake na mashtaka yatakayofuata.

Faki alisimama mbele ya kioo. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha zamani na wote wawili hawakuisikia. Ilipita dakika, zikapita kumi. Siwatu hakumhimiza, kila alilokuwa nalo la kusema alikwisha kulisema, na mengine yalikuwa ni kulia. Saa tisa na dakika hamsini na nane injinia alivaa tena kofia yake.

"Nna binti anakaa nyumba ya mia na tisini," alisema. "Ameniambia yuko kambini. Kambini sikumwona." Aligeuka kwa Siwatu. "Namba hiyo imo kwenye orodha yako?"

Siwatu aligeukia kioo chake. Orodha ilikuwa mbele yake. Faki alimtazama akisubiri, kisha akainua mkono kumzuia.

"Usinijibu. Nimeona nyumba moja, inanitosha. Sitaki kuona arobaini."

Akaweka kidole.

Mlango wa Saba ulifunguka saa kumi na dakika nne. Walisikia mngurumo mrefu, na nusu ya ramani ikazimika, kisha harufu ya matope na mafuta ikaingia kwa mabomba ya hewa. Taa ya Mlango wa Tano ilirudi njano. Mtambo wa Kipangani ulitoa ishara kwa dakika tisa, na baada ya hapo haukutoa tena.

"Shaame siwezi kumfuta," alisema Faki. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Ukuta ulipomsoma tu, taarifa ilikwenda kwa askari yenyewe."

"Najua."

"Kituo chao kiko ng'ambo ya Kipangani na njia imeshajaa maji. Watazunguka kwa juu. Una nusu saa, pengine dakika arobaini. Nenda, mwanangu."

4

Alikwenda mbio mpaka ngazi ya kwanza ya kushukia Bondeni, kisha pumzi zikamwishia akatembea. Njia zilikuwa na maji ya kufika kifundoni, yale yaliyopenya chini ya zege. Nyumba zilisimama zimefungwa madirisha. Mahali fulani palinuka kitunguu kinachokaangwa. Pazia moja lilisogea mkono wake wa kulia, na Siwatu aliinamisha macho upesi, akahesabu hatua zake mpaka alipolipita dirisha hilo.

Mlango wa 217 ulikuwa wazi. Bi Mkasi alikuwa amesimama ndani ya kizingiti, amejitanda kanga mbili zilizofifia, bila wanja wala udi, na hakumpa binti yake mkono.

Nyuma yake, mkekani, Shaame alikuwa anakunywa chai kwa mkate wa kumimina. Alikuwa amekonda, na rangi yake imepauka kwa kukosa jua. Miguuni alikuwa amevaa viatu, na kamba zimefungwa vizuri.

Wote walikuwa wanajua. Ukutani, kibao cha Baraza kilionyesha maandishi ambayo Siwatu mwenyewe aliyatunga miaka kumi na mitatu iliyopita: *Nyumba imeingiwa bila hodi saa 9:33. Aliyeingia: Ukuta. Ufunguo: wa Siwatu Kombo.*

"Zilipigwa hodi tatu, mama," alisema Siwatu. "Hamkujibu."

"Hodi zilikuwa za Ukuta," alisema Bi Mkasi. "Yako sikuisikia."

"Sikuwa na njia. Ningefanyaje? Walikuwa wanafungua maji juu yenu."

"Najua. Umetuokoa, Mungu akulipe." Alijivuta kanga kifuani. "Miezi ishirini na mbili nimemficha, Siwatu. Nimemficha hata siku babako anakata roho, wala hakuweza kumuaga kwa sauti. Nimekuficha weye, na kila Ijumaa moyo ukiniuma. Nikijiambia, siku moja nitamwambia, ni nduguye, ataelewa. Sasa umejua, na pamoja nawe wamejua wote."

Siwatu alipiga magoti majini pale pale mlangoni. Alisema nisamehe, mama, nisamehe, na alilia kwa sauti kuliko alivyolia mazikoni.

Shaame aliweka kikombe chini. "Wameingiwa wangapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Bondeni. Ngapi zimeingiwa?"

"Hii tu."

"Na nyingine?"

"Hazikuguswa. Hakuna anayejua zina nani."

"Weye je?"

"Hata miye."

Alimtazama dada yake kama anayetafuta uongo na hauoni. Kisha akasimama, akajipangusa makombo.

"Toka kwa uani," Siwatu alimwambia, akimshika kanzu. "Askari wanazunguka kwa juu. Ukipita makaburini watakukosa, mpaka jua litue utakuwa mbali. Nenda, Shaame, tafadhali, bado dakika kumi."

"Wakinikosa watafanyaje?"

Siwatu alizidi kuishika kanzu.

"Watanitafuta," alisema Shaame. "Nyumba hadi nyumba. Wana hati ya kunikamata, na hati ile haipigi hodi. Watavunja milango yote ya mtaa huu, na kazi yako yote ya leo itakuwa bure." Aliinama, akambusu mama yake mkono, kisha paji la uso. "Nilisema Bondeni kuna watu. Walioniita mwendawazimu ni wengi. Nimekaa na watu hao miezi ishirini na mbili, nikiwasikia wakipikiana usiku na kupeana dawa kwa madirisha. Sitawapelekea askari."

Bi Mkasi hakumzuia. Alimfunga kitufe cha juu cha kanzu, akamrekebisha ukosi, na mkono wake ukabaki pale shingoni mwa mwanawe mpaka yeye mwenyewe alipoutoa kwa upole.

Siwatu alinyanyuka, nguo zikimchuruzika, akamkamata ndugu yake mkono. Walitoka pamoja wakashika katikati ya njia, mbali na milango ya pande zote mbili. Kutoka juu ya kilima zilisikika injini za askari zikishuka. Shaame alivuta pumzi. Kwa sauti ambayo hakuitumia kwa muda wa miaka karibu miwili, iliyokwaruza mwanzoni kisha ikakaa sawa, akaanza kuliita jina lake mwenyewe, Shaame Kombo Shaame, Shaame Kombo Shaame, huku wakitembea kuelekea kwenye injini, ili askari wakifika wasiwe na haja ya kumuuliza mtu yeyote.